Rangi Niliyoifuta

Jumapili, 3 Machi

Mwalimu ametuagiza kila mmoja awe na daftari. "Kabla hujapiga, andika unataka nini. Ukishapiga, andika umepata nini. Tofauti yake ndiyo somo." Amestaafu kufundisha, lakini kufundisha hakujamstaafu yeye.

Basi naanza. Kundi letu la simu linaitwa Jicho la Wiki. Tuko watu kumi na tisa, wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kila Jumapili Mwalimu anatoa mada. Mwisho wa kutuma picha ni Jumamosi saa sita mchana, na baada ya hapo tunakosoana mpaka jua lizame. Hakuna zawadi. Kuna kusifiwa tu, na kwangu mimi hiyo inatosha.

Mchana kutwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, napiga picha za pasipoti. Shuka jeupe ukutani, stuli, "inua kidevu, usicheke." Halafu nakaa kwenye kompyuta na kufuta: chunusi, kovu, uchovu wa chini ya macho. Tajiri wangu husema mteja hataki uso alio nao, anataka uso anaoutamani. Miaka kumi na moja nafuta. Ndiyo maana nikajiunga na kundi, nipige kitu ambacho si cha kupeleka ofisini.

Mada ya wiki: Mlango.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mama anashona mapazia ya watu sebuleni, mashine yake inashindana na bati kwa kelele.

Jumamosi, 9 Machi

Nilituma mlango wa ghala la nyuma ya duka, kitasa kimeliwa na kutu. Watu wakasifu. Halafu akaja Mkasi.

"Hiki ni kitasa kizuri. Mada ilikuwa mlango."

Huyu hatumjui jina wala sura. Tunamwita Mkasi kwa sababu maoni yake yote ni kata: kata kushoto, kata anga, kata huyo aliyesimama nyuma. Tangu aingie hajatuma picha hata moja ya kwake. Aliwahi kutuambia, "Humu mnapakana mafuta kwa mgongo wa chupa," na wawili wakajitoa siku hiyohiyo.

Mama akaniuliza nimenuna nini. Nikamsomea. Akacheka mpaka uzi ukamponyoka sindanoni. "Lakini mwanangu, si kweli ni kitasa?"

Jumapili, 10 Machi

Mada: Mikono. Hii ni yangu. Mikono ya Mama iko sebuleni bure.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempiga Mama akipitisha kitambaa chini ya sindano, picha thelathini hivi. Anajikuna sana. Nikamwambia ninunue dawa ya mbu. Akasema, "Mbu wa mwaka huu wamekuja na meno."

Jumamosi, 16 Machi

Sifa tele! Mwalimu ameandika, "Hii ni mikono yenye historia." Nimeisoma mara nne.

Mkasi: "Imekwaruzwa mpaka kwenye viwiko. Umeona?"

Nikamjibu kwa kifupi: mbu. Hakuendelea.

Jumanne, 19 Machi

Mada ni Kicheko. Kumchekesha Mama si kazi, kazi ni kuwahi kubonyeza. Jana jioni nilimwigiza tajiri wangu anavyomkemea mteja aliyekuja kupiga pasipoti na miwani ya jua. Mama akatupa kichwa nyuma, akashika ubavu, meno yote nje. Nikamdaka. Nikajua papo hapo kwamba hii ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani.

Kasoro moja tu, rangi. Uso umetoka wa manjano, na macho pia. Nikasema ni taa ya sebuleni. Nikaifungua kwenye kompyuta ya dukani wakati wa chakula, nikavuta manjano chini, nikayasafisha macho mpaka yakawa meupe kama ya mtoto. Dakika mbili. Mkono wangu unajua njia.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekuwa wa kwanza. Kumi na saba kati ya kumi na tisa wamechagua Kicheko. Mmoja ameandika kwamba amempigia mama yake simu baada ya kuiona.

Mkasi: "Umeiosha hii. Tuma ile ambayo hujaiosha."

Sikutuma. Ana wivu. Mtu asiyepika ndiye anayejua chumvi ilipozidi.

Nilimwonyesha Mama picha yake. Akaishika simu mbali, akaitazama kwa muda. "Hapa umenifanya kijana," akasema. Kisha akanirudishia na kusema anataka kulala kidogo.

Jumapili, 24 Machi

Mada: Nyeupe. Mvua haijakatika tangu Ijumaa.

Ijumaa, 29 Machi

Mama amemaliza mapazia ya ukumbi, meupe pe, mita na mita. Nikamsimamisha mbele ya mapazia hayo dirishani, mchana, bila taa. Alisema amechoka, nikamwambia mara moja tu, Mama. Ikawa mara ishirini.

Nilijaribu kurekebisha rangi. Kila nikitoa manjano usoni, pazia linageuka bluu. Nikirudisha pazia, uso unarudi manjano. Nikachoka nikaituma kama ilivyo.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika kwa hasira.

Saa saba mchana, watu wote kumi na tisa wakisoma, Mkasi ameandika hivi, nanakili neno kwa neno:

"Sasa nimeona vizuri. Pazia ni jeupe. Fremu ya dirisha ni nyeupe. Macho ya huyu mama ni ya manjano. Si taa, si simu. Wiki mbili zilizopita alikuwa anajikuna. Wiki iliyopita uliosha. Acha kupiga picha, mpeleke mama hospitali."

Mama yangu! Anamsema mama yangu kama gari lililogongwa! Nikaandika bila kusoma mara mbili: "Nyani haoni kundule. Wewe ambaye hujawahi kutuma hata picha ya kopo, leo umekuwa daktari? Mama yangu ni mzima kuliko wewe. Kama huna mtu wa kumpiga picha, usituonee wivu sisi tulio nao."

Wakanishangilia. Vidole gumba juu, mioyo, moto. Mwalimu akasema tutulie. Dakika chache baadaye simu ikaandika yenyewe: ameondoka kwenye kundi.

"Unacheka nini?" Mama akauliza kutoka chumbani.

"Kuna mtu nimempa dawa yake."

"Haya," akasema. "Kama ni dawa na mimi unigaie." Tukacheka wote.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mama hana hamu ya kula. Anasema ni baridi.

Jumapili, 7 Aprili

Mada: Njia. Sijapiga.

Jumatatu, 8 Aprili

Mama amesema nisimpige picha tena kwa sasa, nguo hazimkai. Kweli amepungua. Sketi amebana na pini mbili.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo asubuhi dukani nilikuwa namsafisha mteja macho kwenye kompyuta, yalikuwa mekundu kwa vumbi, nikasimama katikati. Nilikaa hivyo mpaka tajiri akaniuliza kama nimelala. Nikamaliza kazi.

Jumapili, 14 Aprili

Nilimtazama Mama alipokuwa anakula, au anajifanya kula. Alikaa na mgongo kwa dirisha. Nikagundua kwamba siku hizi kila mara anakaa na mgongo kwa dirisha. Nilitaka kumwambia, "Mama, hebu geuka." Nikasema, "Chai imepoa, nikuongeze?"

Jumatano, 17 Aprili

Alianguka bafuni saa kumi na moja alfajiri. Nilisikia ndoo. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kama kipande cha kitambaa. Majirani wametusaidia mpaka hospitali. Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi.

Alhamisi, 18 Aprili

Daktari ni msichana, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alimfungua Mama kope kwa kidole gumba, akaniita nje.

"Umanjano huu umeanza lini?"

Nikasema sijui. Nikasema labda wiki hii. Kisha nikatoa simu, kwa sababu simu inajua. Picha za asili zote zimo, na tarehe zake.

Tukasimama ukutani, wauguzi wakitupisha. Alipitisha kidole taratibu, picha moja baada ya nyingine, kama tunavyofanya Jumamosi. Mikono: "Hii tarehe ngapi?" Kumi na nne Machi. "Alikuwa anawashwa?" Ndiyo. Pazia: "Na hii?" Akafika kwenye Kicheko, ile niliyotuma kundini.

"Hapa alikuwa mzima," akasema, akikunja uso. "Mbona tarehe iko katikati ya hizo mbili?"

"Hiyo nilimsafisha," nikasema.

Hakunielewa mara moja. Nikasogeza mpaka kwenye ile ya asili, yenye tarehe ileile, kicheko kilekile, na macho ya rangi ya kiini cha yai. Akazitazama zote mbili. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alinirudishia simu, akasema watamfanyia vipimo kesho.

Jumatatu, 22 Aprili

Ni kongosho. Kuna uvimbe umebana mrija wa nyongo, na umeshafika kwenye ini. Hawapasui.

Nilimuuliza daktari: ningemleta mwezi uliopita? Akavuta kiti. "Sitakudanganya. Uvimbe huu haukuanza Machi. Usingemponya. Lakini tungemwekea mrija wa kupitisha nyongo mapema. Asingewashwa hivi. Angekula. Angelala."

Wiki tano. Nilitoka nje nikasimama chini ya michirizi ya paa mpaka muuguzi akaja kuniambia ninalowa.

Jumatano, 24 Aprili

Wamemwekea mrija jana. Leo hajajikuna hata mara moja. Amelala saa sita mfululizo, mikono imetulia juu ya shuka.

Alipoamka nilimuuliza. Sikuweza kungoja.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nina kioo, mwanangu."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanyoosha pindo la shuka kama atalishona. "Mwanzoni niliogopa. Halafu nikaona una furaha. Tangu mume wako aondoke nilikuwa sijakuona ukicheka hivyo. Nikasema acha amalize hiyo michezo yake, nitamwambia."

Nikalia. Akanishika mkono.

"Na tena," akasema, "ulikuwa unanitazama kutwa nzima. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, hata baba yako. Nilijua umeona. Nikasema huyu ananinyamazia kama ninavyomnyamazia. Tunaleana."

Sikumwambia kwamba sikuona. Leo wala kesho sitamwambia.

Alhamisi, 25 Aprili

Mwalimu amenielekeza anapofanya kazi Mkasi. Kumbe Mwalimu alimfundisha shuleni mtoto wa Mkasi.

Ni karakana ya kupaka rangi magari. Mzee wa miaka kama sitini, mfupi, ovaroli ina matone ya kila rangi isipokuwa rangi yake ya asili. Alikuwa ameushika mlango mweupe wa gari, akidondosha tone kwenye kadi, akilinganisha, akiongeza kidogo, akilinganisha tena.

Nikajitambulisha. Akaweka kopo chini.

"Mama yuko wapi sasa?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Nikamweleza. Nilikuja na maneno yangu ya kuomba radhi, nimeyapanga njia nzima, lakini yeye akanitangulia.

"Kosa ni langu, binti. Jambo kama lile mtu anaitwa pembeni, haandikiwi mbele za watu. Niliandika kama ninavyowafokea mafundi wangu. Ningekupigia ukanisikia vizuri, labda ungeenda."

"Labda nisingeenda," nikasema. Ndiyo kweli.

Akaokota kopo. "Hapa kuna nyeupe ishirini na nane. Mtu akiniletea mlango mweupe namuuliza, mweupe upi? Miaka thelathini na nane. Sijui kupiga picha, binti. Nilinunua simu nzuri, nikajaribu, aibu tupu. Najua kutazama tu. Nikadhani hiyo inatosha kukaa na watu."

Nilipokuwa naondoka akauliza kama inafaa aje kumjulia hali mgonjwa.

Jumanne, 30 Aprili

Tumerudi nyumbani. Anakula! Kidogo, lakini anakula. Uso umeanza kurudi rangi yake.

Alhamisi, 2 Mei

Mkasi amekuja, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Ameleta machungwa.

Mama akamtazama kutoka kitandani. "Ndiye wewe uliyekuwa unamliza mwanangu kila Jumamosi?"

"Ndiye mimi, dada."

"Endelea. Tajiri wake anamdekeza."

Walizungumza saa nzima, rangi na vitambaa. Mama anasema hakuna nyeusi inayodumu, yeye anasema ipo, wakabishana kama watu waliokua pamoja. Mwishowe Mama akasema anataka picha yake na mimi, kwa sababu katika picha zote hizi mimi simo hata moja. Simu akapewa Mkasi.

"Dada, mimi sijui."

"Bonyeza, baba. Simu haiumi."

Nikapanda kitandani, nikamkumbatia. Akabonyeza. Kidole chake kimejaa pembeni, na mimi nimeishia puani, macho na paji vimebaki nje. Mama alipoiona alicheka hadi nikaogopa mrija.

"Mkasi kweli! Amemkata mtoto kichwa!"

Akatuamuru tuitume kundini. Tukaituma, tukaeleza ya nani. Hakuna aliyekosoa. Mwalimu aliandika: "Picha mbaya sana. Asiifute mtu."

Jumatano, 8 Mei

Homa. Hataki kurudi hospitali. Muuguzi anakuja nyumbani asubuhi na jioni.

Jumamosi, 11 Mei

Mdogo wangu, kitindamimba wa Mama, yuko ng'ambo anakochomelea mabomba. Amepata ruhusa, anatafuta ndege. Nilimwekea Mama simu sikioni. Sauti ya mdogo wangu ilijaa chumba: "Mama, nisubiri." Mama akasema, "Ndiyo, baba," kwa adabu, kama anayemwitikia mgeni.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imekatika.

Jumanne, 14 Mei

Saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemshika.

Ijumaa, 17 Mei

Tumezika jana. Kundi walikuja karibu wote, watu ambao sikuwahi kuwaona. Bwana mrefu alinishika mkono akasema, "Mimi ni yule wa picha za paka," nikamkumbatia kama ndugu. Mwalimu alisimama nyuma, kofia mkononi. Mkasi alichukua sepetu na hakuiachia mpaka kazi ilipoisha.

Hakuna aliyepiga picha.

Jumapili, 19 Mei

Mdogo wangu amefika, amechelewa kwa siku tatu. Alisimama mbele ya mashine ya kushonea na begi lake begani, nikashindwa kumtua.

Jumatano, 22 Mei

Hali chakula, halali usingizi. Anagusa vitu vya Mama na kuvirudisha palepale.

Jumamosi, 25 Mei

Leo mchana aliniambia, "Dada, nionyeshe." Nikajua anachotaka.

Tukakaa sakafuni, migongo kwenye kitanda cha Mama, simu katikati. Picha mia mbili na tisa. Nilitaka kuruka zile zilizosafishwa, akanizuia, anataka zote kwa mpangilio. Sikumficha. Nilimwambia nilichofuta na lini nilikifuta, na kwamba mtu aliniambia nikamtukana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikuwepo kabisa, Dada," akaendelea kupitisha kidole.

Karibu kila picha Mama mdomo uko wazi. Alikuwa akishona huku anaongea, akisimama dirishani huku anaongea.

"Hapa alikuwa anasema nini?"

Ile ya kwanza nilikumbuka: mteja aliyetaka pazia fupi kwa dirisha refu. Ya tano nilikumbuka: habari za bati. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Akaanza kuuliza kwa kila moja, kama mtoto anayesimuliwa. "Na hapa? Na hapa?" Nyingine nilikumbuka nusu, nyingine nilikumbuka sauti bila maneno.

Tukafika kwenye zile ishirini za pazia jeupe. Katika ya tisa Mama ameinua kidole, amegeuza uso kidogo kunielekea, midomo imefunguka katikati ya neno. Anasema jambo analolitaka lisikike.

"Hapa?"

Nikaitazama mpaka kioo kikajizima. Nikakiwasha.

"Alikuwa anakutaja wewe," nikasema. "Alisema ukija atakushonea shati."

Akaweka kichwa begani kwangu, akalia hatimaye, kwa sauti, na baada ya muda akapitiwa na usingizi hapohapo sakafuni. Sasa bado amelala, nami naandika kwa mkono mmoja ili nisimwamshe.

Si kweli. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka nilichomwambia mimi: "Mama, nyamaza kidogo, picha inatikisika." Katika ya kumi amefunga mdomo.